Mtu Aliyeruka Kutoka Kwenye Lori

Juzi nilipita sokoni hapa Ujiji nikamkuta mwanamke anamimina mawese kwenye chupa, na hatua chache kando yake kijana anahangaika na jenereta iliyogoma kuwaka. Harufu mbili zile, ya mawese na ya petroli, zikaingia puani kwangu kwa pamoja. Nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina, mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele nipishe. Sijui wewe unayenisoma utoto wako unanukia nini. Wangu unanukia hivyo.

Sinema ya kwetu Rumonge ilionyeshwa ndani ya hangari ya kuhifadhia mawese, karibu na ziwa. Jumamosi mchana mwenye mashine ya sinema alifika na gari lake kutoka Bujumbura, akatundika shuka jeupe ukutani, akaziba matundu ya mabati kwa magunia, na jenereta ikaanza kunguruma nje. Magunia hayakuziba yote. Miale ya jua ilipenya, ikamtoboa mpelelezi wa kwenye shuka kifuani kabla adui hajampiga risasi. Tulikaa juu ya mapipa, na nguo zetu zilirudi nyumbani na madoa mekundu ambayo mama aliyaona akajua tulikotoka bila kuuliza.

Filamu zilikuwa karibu zote za wapelelezi: wanaume wenye suti na bastola, magari yanayokimbizana, wanawake wanaovuta sigara wakiwa wamekaa kitandani. Zilisema Kifaransa, na wengi wetu hatukukijua. Kwa hiyo tulikuwa na Feruzi. Siku za kazi Feruzi alikuwa fundi wa baiskeli, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Jumamosi alisimama kando ya shuka na fimbo mkononi, akatueleza. Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini pale asipoelewa alitunga, na sidhani kama waliotengeneza sinema zile waliweza kumfikia. Mpelelezi akimnong'oneza mwanamke jambo sikioni, Feruzi alisema kwa huzuni, "Anamwambia, mama yangu ni mugonjwa, uniache niende nikamuone." Na akina mama upande wa kulia waliguna kwa uchungu.

Aliyemharibia kazi alikuwa yaya Rashidi. Yaya, ndivyo tulivyomwita mkubwa wetu kule ziwani, awe wa kiume au wa kike. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na kati yetu makaburi madogo ya watoto wasiokaa. Baba, Mswahili ambaye babu yake alitoka Congo, alifariki nikiwa bado nanyonya. Mama alikuwa Mhutu wa Minago aliyesilimu kwa ajili yake. Alipika mawese na kuyauza, na kwa mawese hayo alimsomesha Rashidi mpaka akaingia shule ya ualimu huko juu milimani. Alipokuja likizo alinichukua sinema, nikakaa naye pipa moja, na hapo nilijifunza mchezo wake.

Mchezo ulikuwa kukamata makosa. "Feruzi, simama!" angepaza sauti. "Risasi ilimupata mukono wa kushoto. Sasa bendeji iko ya kuume!" Hangari nzima ingeangua kicheko. Mara nyingine ilikuwa sigara iliyokwisha kuwa kipande, kamera ikageuka na kurudi, sigara ikawa ndefu tena. Mara nyingine mlango uliofungwa kwa ufunguo, na adui akaingia kama upepo. Hakuvumilia kabisa pale adui mkubwa anapomkamata mpelelezi halafu, badala ya kumwua, anakaa chini kumsimulia mipango yake yote. "Huyu ni adui ao ni mujomba wake?" aliuliza.

Feruzi alikuwa na jibu moja lililotosha kwa yote. "Sinema iko sinema, mwalimu! Ukitaka kweli tupu, enda musikitini."

"Usiangalie uso wa anayesema," Rashidi aliniambia tukirudi nyumbani, mkono wake mkavu umeshika shingo yangu. "Uso unajua kudanganya. Angalia nguo. Angalia mikono." Nikaangalia. Nikiwa na umri wa miaka minane au tisa nilikuwa nimeshakuwa hodari, na hakuna sifa niliyowahi kupewa baadaye maishani iliyonipendeza kama siku alipowaambia wenzake, "Huyu mutoto ana macho kunipita."

Filamu moja ilirudi mara nyingi, labda mwenye mashine hakuwa na nyingine. Ndani yake mpelelezi anafungwa mikono nyuma na kutupwa kwenye lori. Lori linapunguza mwendo penye kona, anaruka, anabingirika mteremkoni mpaka majini, na pale mvuvi anamngoja na mtumbwi. Anapanda, anaenda zake akipunga mkono. Rashidi aliichukia sehemu hiyo. "Mutu amefungwa mikono. Akiruka ataangukia uso, atabaki pale pale. Na kamba imefunguliwa na nani, mpaka anapunga? Na huyo muvuvi alijuaje saa ya kumungojea?"

"Mungu alimwambia," alijibu Feruzi, na watu wakampigia makofi.

Mimi niliipenda sehemu hiyo. Sikumwambia Rashidi.

Kisha ukafika mwaka wa sabini na mbili. Watu wa kwetu wanauita ikiza, yaani balaa, na hawapendi kuongeza neno. Rashidi alikuwa amekuja likizo ya Pasaka, akashikwa na malaria, shule ikafunguliwa yeye bado amelala. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua Watutsi, majirani zetu, watu waliokuwa wakija kwa mama na chupa zao kununua mawese. Mama alituficha kwenye michikichi na tulisikia yale ambayo sitayaandika. Halafu wakaja askari. Wao walitafuta Wahutu, hasa waliosoma, na Waswahili pia, kwani ilisemekana tuliwapokea wale wa kwanza. Ukiwa na mama Mhutu, baba Mswahili na miaka kadhaa ya shule, hapakuwa na mlango wa kupitia.

Ilitangazwa kwamba wote waliosoma wafike mkutanoni. Wengine walikimbia. Rashidi hakuwa na nguvu za kukimbia, na nafikiri pia aliamini kwamba asiyefanya kosa hana la kuogopa. Asubuhi ile homa ilikuwa imemtoa jasho mpaka shati lake jeupe la shule likalowa, mama akamvua, akalifua na kulianika. Baridi ya homa ilipomrudia akavaa koti la kahawia la marehemu baba, zito, jua likiwaka. Alipotoka nilimcheka. Mikono ya koti ilimpita vidole.

"Ninarudi mbele ya chakula kuiva," alisema.

Mama alipika. Kisha akachukua sahani akaenda nayo mpaka mahali pa mkutano, akarudi nayo imefunikwa vile vile. Waliokuwa kule walikuwa wamepakiwa kwenye malori. Hakuna aliyesema malori yalikwenda wapi, na hakuna aliyeuliza.

Mama akalala, uso ukutani. Siku ya kwanza nilidhani anapumzika. Siku zilizofuata nilianza kuogopa. Hakula, hakuoga, hakujibu. Sufuria la mawese lilikaa jikoni na mafuta yaliyoganda. Nami nilikaa mlangoni nikihesabu pumzi za mgongo wake, wala sikuweza kupeleka kitu mdomoni yeye asipokula. Kule kwetu walisema mwenye kufiwa halazimishwi, lakini huyu alikuwa hajafiwa, alikuwa hajaambiwa kitu.

Ndipo Feruzi alipokuja. Ilikuwa mchana. Alivua kofia, akakaa kwenye kigoda, mikono yake yenye grisi juu ya magoti.

"Mama Rashidi, amuka," alisema. "Rashidi iko muzima."

Mgongo wa mama haukutikisika.

"Nilikuwa Minago siku ile. Lori ilipita pale, ikapunguza mwendo penye kona. Nikaona mutu anaruka. Nikasema, huyu ni nani? Nikaona ile shati yake nyeupe ya shule, ndiyo nikamutambua kwa mbali. Akabingirika mpaka mu maji. Muvuvi moja alikuwa pale na mutumbwi. Wakavuka, wameenda Congo. Alinipungia mukono, Mama Rashidi. Akapaza sauti: umwambie mama asilie."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha macho yangu, yale niliyofundishwa, yakafanya kazi yao. Niliijua kona ile tangu hangarini. Niliujua mteremko, na mvuvi asiyejulikana aliambiwa na nani angoje. Na shati jeupe lilikuwa limekauka siku nyingi, nimelianua mwenyewe kwenye kamba, nimelikunja na kuliweka ndani ya sanduku chini ya kitanda alicholalia mama. Rashidi aliondoka na koti la baba.

Nikafungua mdomo.

Mama aligeuka. Uso wake ulikuwa umenywea kama wa bibi kizee. Akaketi, polepole, akishika ukuta.

"Alisema nisilie?"

"Alisema hivyo," Feruzi alijibu.

"Basi munipe uji."

Nikafunga mdomo. Nikawasha moto, nikakoroga uji wa muhogo. Mama alikunywa akinitazama juu ya kikombe, nami nikanywa. Kisha nikamsindikiza Feruzi mpaka kwenye ua. Hakuniangalia. Aliirudisha kofia kichwani, akasema tu, "Umutunze mama yako."

Hofu iliyonijia ilikuwa moja: mama atafungua sanduku, atakuta shati, hadithi itakatika. Siku ya pili alipokwenda ziwani kuoga nilifungua sanduku ili nilifiche. Shati halikuwamo. Nilitoa kila nguo, nikapekua chini ya godoro, nikatazama hata kwenye paa la jiko. Nikafikiri labda mwizi, maana siku zile nyumba ziliingiliwa. Nikamshukuru Mungu kwa mwizi huyo.

Tulikimbia baada ya hapo, kwa miguu mpaka Kabonga, kisha kwa mtumbwi mpaka Kigoma. Feruzi naye alivuka, akafungua kibanda chake cha baiskeli hapa Ujiji. Ikawa desturi: akija kutusalimu, mama humpa kahawa na kumwomba asimulie. Naye husimulia. Kila mwaka aliongeza kitu kidogo, ndege aliyepita, rangi ya mtumbwi, lakini shati halikubadilika. Mimi nilitoka nje kila mara, nikijifanya nina nguo za kufua, nisije nikaonyesha kitu usoni.

Watu wa msikitini walimshauri mama amsomee Rashidi hitima. Alikataa. "Mutoto wangu iko Congo," alisema. "Munataka nimuzike muzima?" Na mimi, niliyejua, nilimuunga mkono. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikampa mwanangu wa kwanza jina la mjomba wake, na katika hayo yote nililinda uongo ule kama mtu anavyolinda taa kwenye upepo. Nilijihisi mtu mzima kuliko mama yangu. Nilimhurumia.

Feruzi alifariki mwaka ambao mvi za mama zilikuwa zimeshamaliza kichwa. Tulirudi kutoka msibani alasiri, tukakaa uani kuchambua mchele.

"Feruzi alikuwa mutu muzuri," mama alisema. "Alikosea shati tu."

Vidole vyangu vilisimama juu ya ungo.

"Shati nililifua mimi," aliendelea, bila kuinua macho. "Ningelisahau? Na barabara ilikuwa imefungwa, askari kila mahali. Feruzi angefika Minago namna gani?"

Hilo la barabara sikuwahi kuliona. Miaka yote ile, na macho yangu hodari.

"Ulijua tangu siku ile, mama?"

"Tangu alipofungua mudomo."

"Na lile shati?"

"Nililichoma. Usiku ule ule, wewe umelala. Nilikuwa sina nguvu, nikatambaa mpaka jikoni." Akapuliza pumba kutoka kwenye ungo. "Ulikuwa na macho ya kaka yako. Nilijua ungeliona, ungefikiri, hadithi ingekukatikia."

Nilimuuliza kwa nini basi alikunywa uji ule. Alinitazama kwa mshangao, kama nilivyomtazama mimi mwanangu mara nyingi anapouliza jambo lililo wazi.

"Ulikuwa hujakula siku zote zile, mwanangu. Nilipogeuka niliona mifupa ya shingo yako. Nikasema, Feruzi ameleta dawa. Kama sitainywa mimi, huyu hatainywa."

Unaweza kuishi na mtu nyumba moja, chungu kimoja, na kila mmoja akawa anambeba mwenzake akidhani mwenzake ndiye asiyejua njia. Mtoto wa miaka kumi alijiona amemwokoa mama yake kwa kunyamaza. Hakujua kwamba mwanamke yule alikuwa ameamua kuamka, na chote alichopewa cha kushikilia ni hadithi aliyoiona imetoboka. Na hakujua bei yake: kwamba ili mimi nile, mama hakumlilia mwanawe. Mtu aliye hai Congo haliliwi matanga. Alikaa na kilio kile kifuani tangu nikiwa mtoto mpaka nilipokuwa na watoto wangu.

Ijumaa iliyofuata tulimwita mwalimu wa chuo cha Kurani na majirani wachache kumsomea Rashidi hitima. Hatukuwa na kaburi, hatukuwa na picha, hatukuwa na siku ya kufa ya kutaja. Nilipika pilau, wanaume wakasoma barazani, sisi tukakaa ndani juu ya mkeka. Mwalimu alipofika mahali pa kumwombea marehemu, akatuma mtu aulize jina lake kamili na la baba yake. Nikataka kujibu, lakini mama akanigusa mkono. Akalisema mwenyewe, lote, pamoja na jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Kisha mama akalia kwa sauti, akijipiga magoti, kama mtu ambaye habari imemfikia asubuhi ile ile.