Barua Mia Saba za Dhahabu Kombe

Dhahabu Kombe alikuwa fundi wa mashati ya pwani, yale mapana ya kitambaa chepesi ambayo wageni wa hoteli za Bamburi walipenda kuyavaa. Kwao ni Utange, na kwa miaka tisa alikuwa na kibanda cha mabati kando ya njia ya kushukia ufuoni. Hakuwa mtu wa kutulia. Alishona macho yakiwa njiani, na mgeni akitokeza tu, Dhahabu alikwisha kuinuka na shati mkononi.

Agosti 1997 kukazuka vurugu Likoni. Likoni iko ng'ambo ya kisiwa, mbali na Bamburi, lakini wageni huko kwao hawakujua tofauti. Waliyosikia ni kwamba Mombasa hapaendeki. Hoteli zikaachisha watu kazi. Kufikia Februari iliyofuata, mashati ya Dhahabu yalikuwa yamejaa masanduku mawili na yeye mwenyewe alikuwa akitembea huku na huko kibandani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Ndipo akamkumbuka Margret. Huyu alikuwa kijana wa bara mwenye ofisi ndogo ya simu na faksi karibu na kiwanda cha saruji, na mwaka ule alikuwa ameongeza kompyuta na anwani moja ya imeli. Mtaa mzima uliitumia anwani hiyo. Mtu alikuja, akasema maneno yake, Margret akayaandika. Adhuhuri na jioni aliunganisha simu, barua zote zikaenda kwa pamoja. Majibu aliyachapa na kumwekea mwenyewe.

Dhahabu alikuwa na daftari. Humo wateja arobaini na watatu walikuwa wameandika anwani zao za imeli kwa mkono wao, wakimwomba awajulishe akipata vitambaa vipya. Alikuwa njiani kulipeleka kwa Margret alipokutana na Justus, aliyekuwa mapokezi katika hoteli moja kabla ya kuachishwa, akamwonyesha daftari.

"Arobaini tu?" Justus akasema. "Mimi nina mia saba. Nilizinakili kwenye fomu za wageni. Nipe mashati mawili, chukua orodha."

Dhahabu akampa mashati palepale barabarani.

Margret alipoziona zile karatasi aliuma kalamu. "Mama, hawa wote unawajua?"

"Walilala hapa Bamburi."

"Walikuomba uwaandikie?"

"Margret, mwanangu, nikingoja kuombwa, mashati yataliwa na mende. Andika."

Akamwambia maneno, na Margret akayageuza kuwa Kiingereza: *Rafiki mpenzi, mimi ni Dhahabu. Nakukumbuka sana tangu ulipokuwa kwetu Bamburi. Nimekuwekea kitu kizuri. Usikae kimya.* Ili kazi iishe haraka, Margret aliwapanga watu hamsini hamsini katika barua moja, kila mmoja akayaona majina ya wenzake.

Siku iliyofuata Dhahabu alifika ofisini mara sita. Hakukuwa na kitu. Siku ya tatu yakaja majibu, na Margret akaacha kuyachapa kwa sababu yalikuwa mengi mno. Karibu yote yalisema jambo moja: usiniandikie tena. Wengine walijibu fungu zima la watu hamsini, hao nao wakawajibu kwa matusi, na ugomvi wa watu wasiojuana ukapitia kwenye kompyuta ya Bamburi. Watatu tu ndio walioulizia mashati.

Kisha Margret akasoma barua moja mara mbili.

"Nini?" Dhahabu akauliza.

"Ni mwanamke. Anasema, 'Mimi ndiye mke wa mtu huyu uliyemwandikia. Alipokwenda Kenya, mume wangu aliniambia yuko Nairobi kikazi. Wewe ni nani, na umemwekea kitu gani?'"

Dhahabu akakaa chini, akainuka tena. "Wallahi, simjui mtu huyo. Sijamwona hata siku moja."

"Lakini tumemwambia unamkumbuka sana."

Kabla hawajapata la kujibu, asubuhi yake ikaja faksi kutoka kwa kampuni ya mtandao iliyoko mjini. Malalamiko yalikuwa yamefika kutoka nchi nne. Anwani ya Margret ilikuwa imefungwa tangu jana yake jioni. Hakuna kutuma wala kupokea.

Margret hakumfokea. Alielekeza tu kidole mlangoni, ambako Mzee Mwinyihaji alikuwa amekaa kwenye kibao. Mzee huyo alikuja kila siku kungoja habari za binti yake, Mwanasaumu, aliyekuwa Maskati na mimba ya kwanza iliyokuwa ikimsumbua. "Nenda wewe ukamwambie," Margret akasema.

Dhahabu akatoka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akamweleza yote, orodha ya Justus na barua mia saba, bila kuficha. Mzee alisikiliza, mikono juu ya bakora.

"Basi barua ya mwanangu iko wapi?"

"Sijui, mzee. Huenda imekwama huko. Huenda imerudishwa."

"Nami nakaa hapa tangu jana," mzee akasema polepole, "nikidhani amenyamaza kwa kuwa mambo yameharibika." Akainuka, akaenda zake.

Dhahabu hakurudi kibandani. Alipanda gari hadi mjini, akaitafuta kampuni ile kwa kuulizauliza, akaingizwa kwa mwanamke aliyeitwa Pascalia, mwenye kusimamia wateja. Akamweleza kwamba kosa ni lake, si la Margret.

Pascalia akamwuliza, "Ufuoni, mgeni akikwambia hataki shati, wewe hufanyaje?"

"Namfuata," Dhahabu akasema. "Namfuata mpaka lango la hoteli."

"Na hapo langoni?"

"Askari hunirudisha."

"Basi hapa askari ni mimi."

Akamtajia masharti. Amwandikie yule tu aliyemwomba kwa hiari yake, na kila mtu barua yake. Aseme yeye ni nani na yuko wapi, asijifanye rafiki wa asiyemjua. Mwisho wa barua aeleze jinsi ya kuondolewa, na atakayesema basi, jina lake lifutwe siku hiyohiyo. Orodha ya Justus ichanwe. Dhahabu akaitoa kifuani mwa kanga akaichana mbele yake. Hata hivyo, anwani ilikaa siku nne zaidi kabla ya kufunguliwa, na siku hizo alishona kola mbili juu chini.

Ilipofunguliwa, barua ya kwanza kuingia ilikuwa ya Maskati. Mwanasaumu alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Dhahabu mwenyewe alikwenda mbio kumwita Mzee Mwinyihaji. Mzee akasomewa, akashukuru Mungu, akaikunja karatasi, akamuaga Margret. Dhahabu, mzee hakumuaga.

Ikabaki ya yule mke. "Tuseme tulikosea anwani," Margret akashauri. "Atatulia."

Dhahabu alizunguka kile chumba kidogo mara kadhaa. "La. Andika: Sijawahi kumwona mume wako. Nilisema namkumbuka ili anunue shati. Jina lake lilitoka kwenye orodha ambayo haikuwa haki yangu. Kuhusu safari yake sijui lolote, na maneno yangu yamekutia shaka niliyoizua mimi. Nisamehe."

Jibu halikuja. Kwa miezi mingi Dhahabu aliuliza kila alipopita, mpaka Margret akawa anatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Wale arobaini na watatu wa daftarini waliandikiwa mmoja mmoja, na ilichukua wiki nzima. Wanne walijibu kwamba hawataki tena. Akapiga mstari kwenye majina yao. Kumi na tisa waliagiza. Justus alipokuja na orodha nyingine, ya hoteli ya Nyali, Dhahabu alimkaribisha chai na kumkatalia. Hakuwa ametulia hata hivyo. Kila Ijumaa alitaka kuwaandikia tena, na kila Ijumaa Margret alimwambia wamesikia, wape nafasi.

Mwaka 1999 mteja mmoja, aliyewahi kununua kwake mara mbili, aliandika kwamba baba yake anatetemeka mikono na hawezi kufunga vifungo vidogo. Je, Dhahabu angeweza kumshonea shati lenye vifungo vikubwa? Dhahabu alikwenda maduka matatu ya Kisauni asivipate. Akaenda Kongowea kwenye nguo za mitumba, akachambua rundo hadi akapata koti zito la baridi ambalo hakuna mtu wa Mombasa angelinunua, akavikata vifungo vyake sita. Shati likaenda posta Jumatatu. Mwezi uliofuata Margret alimsomea majibu: mzee amelifunga shati mwenyewe, na sasa anataka la buluu.