Mtu wa Mafahali Apewa Farasi

Ukitaka kumjua Kibii, muulize yeyote mwenye fahali mkorofi kule Rongai. Atakuambia ni mtu wa mikono mizito na maneno machache, na kwamba hakuna dume la ng'ombe lililowahi kumshinda. Ndiyo maana Wanjugu, mama anayepandisha watalii farasi karibu na Longonot, alimwita aje amfunze Radi. Kwa Wanjugu, ng'ombe na farasi ni mamoja, mradi wote wana miguu minne. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na halikuwa la Kibii.

Radi alikuwa farasi dume wa miaka mitatu, mweusi, mzuri kupita kiasi, na adabu hana hata chembe. Alishauma watu na kuvunja mlango wa banda.

"Mzee, Jumamosi daktari wa mifugo anakuja," Wanjugu alimwambia. "Ukimwongoza na kamba kutoka kwa banda mpaka kwa geti, atabaki dume. Ukishindwa, anahasiwa. Sitaki mtu auawe hapa kwangu."

Kibii mwenyewe alikuwa amehasi mafahali wengi, akanawa mikono na kwenda kunywa chai. Lakini habari hii ilimkosesha usingizi, na hakuelewa kwa nini. Alimpenda yule farasi. Alimpenda tu, vile mzazi anavyompenda mtoto mtukutu kuliko wale watulivu.

Kazi ikaanza, na Radi akagoma. Kibii akivuta, naye anavuta. Akibembelezwa kwa karoti, anakula karoti na kubaki palepale. Halafu Sue, mama anayesafisha mabanda, anachukua kamba ileile, na Radi huyoo, anamfuata hadi kwenye maji bila hata kupinga. Kibii akachanganyikiwa kabisa. Akamwiga Sue kila kitu. Akavaa koti lake la kazi ili anukie kama yeye, likambana makwapani. Akanong'ona "twende, sweetie," neno ambalo hajawahi kumwambia hata mke wake. Wapi! Jamleck, mlinzi wa geti, akamshauri awe mkali. Sue akamshauri awe mpole. Akawa mkali asubuhi na mpole jioni, mpaka akawa hajijui ni nani, na farasi naye ndiyo kabisa.

Jumamosi daktari alifika na mkoba wake. Chepkorir, mke wa Kibii, naye alikuwa amekuja kutoka Rongai na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa. Kibii akashika kamba mbele ya watu wote. Radi akagoma. Akajaribu tena, jasho likimtoka. Radi akagoma. Daktari akafungua mkoba.

"Baba Cheruto," Chepkorir akaita, "mbona unatembea kinyumenyume?"

"Nani?"

"Wewe! Umemkodolea macho kama mwizi. Hata mimi singekuja."

Kibii akatazama viatu vyake. Kweli, visigino vilikuwa vimeelekea geti. Kila mtu pale alikuwa ameona hivyo siku zote, wakadhani ni mbinu yake ya mafahali. Yeye hakuwa amejua. Baba yake alipigwa pembe mgongoni na fahali aliyemlea mwenyewe, akafa, na tangu hapo Kibii hajawahi kuligeuzia dume lolote mgongo. Miaka yote aliita jambo hilo ujuzi. Kumbe ilikuwa hofu.

"Geuka," Chepkorir alisema polepole.

"Siwezi."

"Basi mwambie daktari aanze."

Akageuka. Akapiga hatua, kamba ikalegea, na nyuma yake akasikia kwato. Pumzi ya moto ikamfikia shingoni. Kisha paji la uso wa farasi likamgusa katikati ya mgongo, likamsukuma kidogo, na Kibii hakujua tena kama anaongoza au anaswagwa.

Jamleck alifungua geti. Watu walikuwa wakipiga makofi.

"Inatosha, mzee!" Wanjugu akapaza sauti. "Umefika! Simama!"

Lakini hakuwahi kujifunza jinsi ya kusimama na dume likiwa nyuma yake. Akapita geti, akaingia barabarani, machozi yakimtiririka, akimwita baba yake kwa sauti ndogo, na Radi akamfuata.