Bango la Visima vya Timbwani

Jumanne nilikuwa kwenye duka la fotokopi Likoni. Kijana mtafiti wa chuo kikuu alikuwa akichapisha bango: "Tathmini ya Viashiria vya Uchafuzi wa Kibakteria katika Maji ya Ardhini." Mama aliyekuwa nyuma yake akamuuliza lahusu nini.

"Visima vya Timbwani, mama. Vimeingiwa na maji ya vyoo."

Mama akajishika kifua. "Wallahi, maji yake ndiyo tunayokunywa! Mbona hukuandika hivyo?"

"Si lugha ya kitaalamu."

"Wajukuu zangu wanaharisha, nawe waniletea utaalamu? Andika: Maji ya kisima yana kinyesi, chemsha!"

Kijana akaandika. Kabla bango halijatoka dukani, watu wanne walishalipiga picha.

Niliondoka nimekasirika. Kasomeshwa miaka yote ile, na hakuna aliyemfundisha kumwambia mtu kwamba maji anayokunywa yatamuua.