Mashine Iliyofundishwa Kudanganya

Fundi wa ordinatere pale mtaani Bungulu hupuliza klavye kabla ya kuigusa, kama mtu anayepoza uji. Vidole vyake havigongi. Vinabonyeza taratibu, kana kwamba mashine ina kidonda. Ni kompyuta ya zamani, na tangu 2014 waliotengeneza programu yake hawaipi tena mise à jour, yale marekebisho ya kuilinda. Lakini yeye ameifundisha kudanganya: inawaambia kule ng'ambo kwamba ni caisse, mashine ya kupokelea pesa dukani, maana hizo bado wanazilinda. Kwa hiyo mise à jour zinaingia, polepole.

Jana Mama Kaswera alileta picha ya bwana yake, aliyeuawa kwa panga na wavamizi shambani, apate nakala ya kubandika kwenye msalaba wa kaburi. Mimi na yeye tukangoja mashine imalize mise à jour, na fundi akamfasiria ule uongo wake kwa sauti ndogo.

"Donc banaona ni ya magasin, banaichunga."

Mama akaangalia uso wa bwana yake kwenye ekra.

"Na sisi, papa? Tubaambie tuko nini ndio batuchunge?"

Fundi akainama, akapuliza klavye iliyokuwa safi.