Kifaru, Basi la Pua la Njia ya Nzega

Siku ya kwanza kuingia karakana ya mabasi hapa Tabora, nikitokea mtaa wetu wa Ng'ambo, nilivaa viatu vya kuazima, na kazi niliyopewa ilikuwa kulala chali chini ya basi nikaze springi. Springi, kwa msiojua, ni yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kubeba bodi. Sikukaza kitu. Nilikaa nikilitazama tumbo la basi kama mgeni wa mjini anavyotazama maghorofa, mpaka Mkuu wa Karakana akanigonga unyayo kwa spana.

"Wewe mtu wa Ng'ambo, umekuja kufanya kazi au kulichumbia?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaza."

Nawaandikia ninyi vijana mnaokuja stendi na simu zenu kupiga picha mabasi, mkabishana lipi kiboko, la Kiswidi au la Kichina. Mliniomba wenyewe. Nimesoma darasa la nne, nalo sikulimaliza, kwa hiyo mkiona nimepotea njia nipigieni honi.

Enzi zetu basi lilikuwa la pua. Maana yake injini ilikaa mbele ya dereva, chini ya boneti iliyochongoka, si nyuma kama haya yenu. Tulikuwa nalo moja la Kiingereza, la njia ya Nzega, tukaliita Kifaru. Mlio wake kwenye gia ya kwanza ulikuwa mnene, ungedhani wazee wanacheka pamoja barazani. Nilimpenda kuliko inavyofaa mtu kupenda chuma.

Nilikaza springi miaka miwili, wakanipeleka Bukene kutengeneza magari yanayosubiri abiria wa treni, wakanirudisha Tabora nikawa utingo. Utingo ni kazi ya kila kitu: mizigo juu, jeki chini, matusi katikati. Halafu siku moja Meneja wa Usafirishaji, mtu wa maneno machache, akaniita ofisini.

"Kesho unamwendesha Kifaru. Ukimrudisha mzima, kiti ni chako. Ukimharibu, unarudi kwenye springi, na udereva usahau."

Usingizi sikuupata. Asubuhi nikavaa shati jeupe la dereva, jipya, mke wa kaka yangu kalipiga pasi kola ikasimama kama bati. Kufika stendi, kiti cha mbele kabisa amekaa nani? Mama mmoja wa Puge, mama wa binti niliyepeleka posa kwao, na jibu lilikuwa halijatoka. Nikamwamkia huku nimeinamisha macho. Akaitikia, akanitazama kuanzia kola hadi viatu.

Masika ile kabla ya Puge palikuwa na korongo lisilo na daraja. Watu wa hapa ni wa safari tangu zamani za misafara. Babu wa babu zetu walikwenda pwani kwa miguu, mzigo begani, na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, hakuvusha watu kabla hajaujaribu mto kwa fimbo. Sisi madereva tulifanya vilevile. Ulishuka, ukakunja suruali, ukapima maji kwa fimbo. Kisha ulifungua boneti ukautoa mkanda wa feni, kwa sababu feni ikikata maji panga zake hupinda na kuchana rejeta. Ukishavuka unaurudisha upesi, maana mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji ya kupozea injini.

Sasa, Mkuu wa Karakana alikuwa na sheria yake. Mkanda ukitoka kwenye injini unakaa shingoni mwa dereva mpaka urudi. Si kitini, si kwa utingo. "Mkono unasahau," alisema, "shingo haisahau."

Nami niliutazama ule mkanda, mweusi, unanuka grisi. Nikalitazama shati. Nikamkumbuka mama wa Puge. Nikautupa nyuma ya kiti.

Tulivuka vizuri sana. Maji yalifika ngazini, Kifaru anacheka na wazee wake, abiria wakapiga makofi. Kichwa kikavimba. Nikakanyaga mafuta, nikaenda.

Hatukufika mbali. Kwanza harufu, kisha mvuke ukatoka kwenye boneti, kisha mlio ukawa mkavu. Nikazima. Mzee mmoja wa Kisukuma, mtani wetu sisi Wanyamwezi, akapaza sauti toka nyuma, "Dereva! Chai imeiva, vikombe viko wapi?" Akaongeza, "Mnyamwezi mpe mzigo abebe, injini hawezi!" Basi zima likacheka.

Yule mama hakucheka. Aliinama akachungulia nyuma ya kiti changu, akasema taratibu, "Mwanangu, huyu nyoka mweusi aliyejikunja hapa ni wa kazi gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Injini ya moto haimwagiwi maji baridi, inapasuka. Tulisubiri ipoe, watu wa Puge wakatuletea maji kwa ndoo, nikafunga mkanda, tukatambaa hadi Nzega. Kesho yake, njia nzima ya kurudi, nilikuwa natunga uongo.

"Rejeta imevuja, mzee," nilimwambia Mkuu wa Karakana.

"Korongo lilikuwa na maji?"

"Hadi ngazini."

"Mkanda uliuvaa?"

"Niliuvaa."

Akaishika kola yangu kwa vidole viwili. "Sabuni gani hii unatumia? Niambie, na mke wangu anunue."

Nikasema kweli yote. Akasema, "Fungua kichwa."

Kichwa cha injini ni kile kifuniko kizito juu ya silinda. Kikipata moto kupita kiasi kinapinda, na kikipinda injini imekwisha, na mimi nimekwisha nayo. Nilikifungua, boliti moja baada ya nyingine. Akakilaza mezani, akaweka juu yake rula ya chuma, akachukua karatasi ya kusokotea sigara. Ikipenya chini ya rula, kimepinda. Akajaribu pembe ya kwanza. Ya pili. Katikati alijaribu mara mbili. Haikupenya popote.

"Kifaru amekuficha," akasema. "Mimi sikufichi."

Akanipeleka kwa Meneja akaeleza kila kitu nikiwa nimesimama palepale. Nikarudi kwenye springi masika nzima. Ni yeye Mkuu wa Karakana aliyeniombea kiti tena kiangazi kilipoingia, bila kuniambia. Na jibu la posa lilikuja nikiwa bado chini ya basi. Mama mkwe alituma neno: "Mwambieni nimesikia sasa anachafuka vizuri."

Nimestaafu nikiendesha la injini nyuma, na ninayapenda haya yenu, msidhani. Basi limekalia mifuko ya upepo badala ya springi, linashuka stendi kama mtu anayekaa kwenye godoro. Njia ni lami, makorongo yana madaraja, hakuna anayekunja suruali. Kifaru aliuzwa kama chuma chakavu; sikwenda kuona.

Ila mnaniuliza kila mara, alikuwa anakimbia ngapi? Sijui. Kipima mwendo chake kilikufa kabla sijampata. Ninachojua, siku niliyomkosea alikuwa amebeba basi zima la watu, na hakuna hata mmoja aliyelala porini.