Breki Dansi Nyuma ya Duka la Fundi Redio

Mama alipofariki nilikuwa darasa la nne. Baba alinitoa Ushirombo akanipeleka Mhunze kwa dada yake, kisha yeye akaenda Rwamgasa kuchimba dhahabu. Alisema angerudi msimu wa pamba. Misimu miwili ikapita.

Nyumbani tulizoea Kisumbwa. Kiswahili changu kiliwachekesha wenzangu darasani, na Kisukuma walichosema wakati wa mapumziko nilikiokoteza tu. Nikaona heri kunyamaza. Mwalimu akiniuliza swali nilisimama nikitazama vidole vya miguu mpaka aniambie nikae. Chakula hakikupita, mgongo ukaanza kuinama. Shangazi alisema natembea kama kizee.

Nyuma ya duka la fundi redio palikuwa na uwanja wa udongo mgumu. Jioni fundi alijaribu redio kaseti alizotengeneza, na watoto wa shule walitandaza maboksi wakacheza breki dansi, mtindo ulioingia kwetu miaka hiyo ya themanini. Kila nilipotoka kisimani nilisimama kuwatazama, ndoo kichwani. Siku moja binti wa dereva wa lori la pamba, tuliyesoma naye darasa moja, alinitua ndoo bila kuniuliza.

"Hapa hatuongei," akasema. "Tunahesabu. Moja mpaka nane."

Alinifundisha kwanza kuanguka: bega litangulie, shingo niifiche. Wiki za mwanzo magoti yalichubuka na nyonga ziliuma hata kuchuchumaa ikawa shida. Baadaye mikono ikapata nguvu, nikaweza kusimama kichwa chini na kuzunguka bila kizunguzungu. Njaa ilirudi. Nikilala, nililala kweli. Na siku mwalimu aliponiita nisome kwa sauti, nilihesabu moja mpaka nane moyoni, kisha nikasoma ukurasa mzima. Kuna aliyecheka. Nikaendelea.

Shangazi hakupendezwa. Majirani walikuwa wamemwambia, naye akanionya kwamba mtoto wa kike hagaagai chini mbele za watu. Sikubishana naye. Nilimaliza kazi zangu mapema, nikaenda.

Mwaka uliofuata yule dereva alihamishiwa Tabora. Rafiki yangu aliondoka juu ya lori, katikati ya vyombo vyao, ameshika godoro kwa mikono miwili lisipeperuke, kwa hiyo hakuweza kunipungia. Bila yeye wengine walitawanyika mmoja mmoja. Mimi nikawa nacheza peke yangu nyuma ya jiko la shangazi, bila muziki.

Hapo ndipo baba aliponikuta, Desemba, amekonda, udongo mwekundu umejaa kwenye kucha. Alingoja nimalize. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nilidhani atanigombeza.

"Mama yako alitikisa mabega hivyo hivyo," akasema.

Hakuwa amemtaja tangu mazishi. Nikamwomba anichukue twende wote Rwamgasa. Akasema pale anapolala si mahali pa mtoto.

Alikaa siku mbili. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nyuma ya jiko nikacheza hadi gauni likaloa jasho. Shangazi alitoka na ungo wa mchicha, akaketi kwenye kigoda, akawa anachambua huku ananitazama. Hakunikataza. Alipomaliza aliingia ndani kupika, nami nikaendelea kucheza peke yangu.