Msumari kwenye kiti ya saba

"Hapana, baba mkubwa. Kama mtoto alifungua mnyororo yeye mwenyewe, mbona mi niliikuta imefungwa? Mnyororo ya mbele, ile inapita kwenye tumbo, ilikuwa bado iko kwenye kulabu yake. Niliishika na mkono wangu."

Baba mkubwa hakuniangalia. Tulikuwa kwenye chumba tuliyopanga nyuma ya soko ya Muyinga, saa kumi na moja ya jioni, mvua inapiga bati, na yeye alikuwa anasugua spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Watoto huchezea kila kitu," akasema. "Hukuiona mikono yao?"

"Mikono niliona. Na mnyororo niliona."

"Basi wewe umesoma, unaona kila kitu. Ila kusoma hakujawahi kukaza nati hata moja. Kesho polisi watakuuliza. Utawaambia nilichowaambia mimi."

Ni kaka ya baba yangu, na baba alipokufa ndiye alinilea mpaka nikamaliza sekondari kule Gitega. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, huko ndiko alijifunza umakanika, na Kiswahili yake mpaka leo imenyooka kama ya redio. Sisi wa hapa akitusikia anacheka. Donc, kwa hiyo, mi nikibishana naye nashindwa mara mbili, kwa umri na kwa lugha. Siku ile sikutaka kushindwa. Lakini kujibu nilijua itaniuma, sababu kwenye ile kosa na mi nilikuwa ndani.

Bembea yetu si ile ya kamba. Ni nguzo ya chuma katikati, juu yake mikono ya chuma inatawanyika pande zote, na kwenye mikono inaning'inia viti kumi na mbili kwa minyororo. Moteri ikiwaka, viti inazunguka, inapanda, na watoto wanalia na kucheka pamoja. Mwenye hiyo bembea ni mzee mmoja wa Gitega, Mwislamu, wazazi wa babu yake walitoka India, ana duka ya mabati na sabuni pembeni ya mtaa ya Magarama. Aliagiza bembea kutoka nje, akampa baba mkubwa aizungushe, na mi akanipa kaye, daftari kubwa ya mistari.

"Kila siku kabla ya kufungua," alituambia, "mnaangalia kiti kwa kiti. Mnyororo, bulo, pini. Binti yangu, wewe uandike. Watoto wa watu wale, si mizigo."

Bulo ni ile chuma nene ya kukaza. Kila kiti inashikwa na bulo mbili, kushoto na kulia. Kwenye mwisho ya bulo kuna tundu, na ndani ya tundu inaingia pini ndogo, imekunjwa kama pini ya nywele. Hiyo pini ndiyo inazuia bulo isitoke. Ni kitu kidogo, unaweza kuisahau mfukoni ukaenda nayo kanisani. Na sisi kila tukihama tulikuwa tunafungua yote na kuifunga upya, Makebuko, Bugendana, Gitega. Kila uwanja ulimeza pini zake kwenye majani.

Kukagua kwetu ilikuwa hivi. Baba mkubwa anapanda kiti ya kwanza, mtu mzima na tumbo yake, mi nawasha moteri, anazunguka mara tatu ameachia mikono. Watu wanapiga makofi.

"Mzee, usituangukie kwenye maharagwe!" mtu alimpigia kelele Bugendana.

"Kama imenibeba mimi, itashindwa na sisimizi wako?" yeye akajibu toka juu, uwanja wote ukacheka, na watoto wakaanza kusukumana kupanga foleni.

Ilikuwa sherehe yetu. Wazazi walikuwa wanamwamini sababu alijitoa yeye kwanza, na mi pia nilimwamini. Hakuna hata siku moja nilijiuliza kwa nini ni kiti ya kwanza kila mara, na zile kumi na moja nani amezikalia.

Kisha nilikuwa naandika. Mi sina subira, mama alikuwa anasema nilizaliwa mkunga bado anavua koti. Niliandika "bon" moja, yaani iko sawa, kwenye kiti ya kwanza, alafu navuta mstari mpaka chini kwenye kiti ya kumi na mbili. Mwanzoni niliandika akishashuka. Baadaye niliandika akiwa bado anazunguka. Ukurasa ya Muyinga niliandika ndani ya kamyo, ile lori inatubeba, tukiwa hatujafika hata Karuzi, ili nikifika nipumzike.

Na msumari nilikuwa naijua. Hiyo ndiyo inanikaba. Pini ya kiti ya saba, upande wa kushoto, ilipotea Makebuko. Tulipapasa majani mpaka mikono ikatuwasha. Baba mkubwa akachukua msumari, akaiingiza kwenye tundu, akaikunja na nyundo. "Hii itatufikisha Gitega," akasema. Kweli ilitufikisha. Gitega tulikaa wiki mbili, duka ya bulo na pini iko pale pale, mtu unaenda kwa miguu na kurudi chai haijapoa. Hatukwenda. Msumari ilikuwa kimya, na sisi tukanyamaza nayo.

Jumapili ile Muyinga watu walikuwa wametoka misa, nguo bado safi, manyunyu kidogo. Nilikuwa nimesimama kwenye moteri. Niliona kiti moja inaanza kulala upande, nikafikiri ni mtoto anacheza, nikapandisha sauti, "We! Kaa vizuri!" Nilimgombeza. Alafu upande wa kushoto ikaachia yote, kiti ikasimama wima, na yule mtoto akateleza chini ya mnyororo. Alishika kwa mkono moja nusu ya mzunguko. Nilizima moteri, lakini bembea haisimami hapo hapo, inaendelea kujichosha yenyewe. Akaangukia pembeni ya uzio. Alikuwa na gauni ya manjano.

Watu wote walimkimbilia. Mi nilikwenda kwenye kiti, sijui kwa nini, labda niliogopa kwenda kwa mtoto. Ilikuwa inaning'inia kwa bulo ya kulia tu. Mnyororo ya mbele imefungwa. Chini, kwenye majani, msumari, imenyooka kama haijawahi kukunjwa. Niliiokota.

Nilipoinua macho baba mkubwa alikuwa ameshaleta ngazi. Alipanda, akarudisha bulo, akaifunga na waya. Labda aliogopa kiti isiangukie mtu mwingine. Labda. Lakini aliposhuka, alinyoosha mkono akafungua kulabu ya mnyororo ya mbele, akaiacha wazi. Polisi walipofika walikuta bulo mahali yake na mnyororo wazi, akawaambia mtoto amefungua mwenyewe, akawaonyesha kaye. Bon, kutoka juu mpaka chini. Polisi mmoja akatikisa kichwa akasema, "Watoto wa siku hizi." Wakakataza bembea isizunguke, wakasema watarudi Jumanne kuandika maneno yangu, sababu mi ndiye nilikuwa kwenye moteri.

Jumatatu asubuhi nilibeba mkate na maziwa, nikaenda hospitali. Mtoto ana miaka nane. Mguu yake imevunjika kwenye paja, ilikuwa imefungwa na inavutwa na kamba iliyopita juu ya kitanda, mwisho ya kamba chupa ya maji. Alikuwa anaangalia ukuta. Mama yake ni muuzaji wa maharagwe sokoni, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Aliponiona akasimama haraka, akanishika mkono na mikono yake miwili, akainama.

"Mtusamehe, dada," akasema. "Mtusamehe sana. Mtoto wangu amewaharibia kazi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Yule mzee anayewazungusha, nimesikia bembea yake wameifunga," akaendelea. "Mtu mzima, anatafuta chakula yake. Mwambie namwomba msamaha. Huyu mikono yake haitulii, emwe, kweli kabisa, hata nyumbani anafungua fungua kila kitu."

"Sikufungua," mtoto akasema kwa ukuta.

"Nyamaza! Mguu iko juu na bado unadanganya?"

"Sikufungua, mama."

"Unaona, dada? Toka jana ni hiyo tu. Bora angeomba msamaha, ningejua nimezaa mtu."

Nikasema pole. Pole ni neno rahisi, mtu anampa hata mwenye mafua. Nikaweka mkate kwenye kitanda, nikatoka nje.

Sikurudi chumbani. Nilikwenda uwanjani, hakuna mtu, turubai inapigwa na upepo. Nilichukua ngazi na kaye. Kwa mara ya kwanza toka tuanze kuzunguka na ile kitu, nikakagua kiti kwa kiti. Ilinichukua mpaka saa nane. Unapanda, unasukuma mnyororo kushoto na kulia, unasikiliza, unapitisha kidole kwenye bulo, unashuka, unasogeza ngazi. Mara tatu nilitaka kuacha. Nilikuwa nasema moyoni, hii ya tano bila shaka ni sawa kama ya nne, na kila nikisema hivyo nilikuwa najichukia, napanda.

Ya nne, bulo inacheza. Ya tano, ufa pale walichomelea, mwembamba kama unywele, ndani kutu. Ya saba, waya ya baba mkubwa. Ya tisa, waya ya zamani, sikumbuki ni ya uwanja gani. Ya kumi na moja, msumari ingine. Ya pili, ya tatu, kavu, hazijaona mafuta miezi mingi. Mikono yangu ikawa nyekundu kwa kutu.

Kiti ya kwanza ilikuwa kama imetoka dukani. Pini zake mbili zile zile za kwanza, grisi safi, minyororo haitoi hata sauti. Nilikaa juu ya ngazi nikaiangalia.

Saa tisa mzee wa Gitega akapiga simu. Alisalimia, akauliza kwanza mtoto anaendelea aje, amelala vipi, anakula? Nikamjibu. Akashukuru Mungu. Alafu akasema, "Kaye nimeambiwa iko sawa, kila siku umeandika. Binti yangu, ningekuwa nimempa mtu mwingine kazi ile leo nisingelala. Lakini wewe ulikuwa unaangalia." Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Asante, mzee," nikakata.

Donc jioni ile, mvua ikiwa kwenye bati na spana mikononi mwake, nilimwambia baba mkubwa yote niliyoikuta. Ya nne, ya tano, ya tisa. Nikafungua ukurasa mpya nikamwekea kwenye magoti.

"Na ya kwanza?" akauliza.

"Ya kwanza ni nzima. Kiti yako ndiyo peke yake iko nzima."

Aliacha kusugua. Nilitegemea atanipigia kelele, nilikuwa nimejiandaa.

"Kile kinacholia chini yangu ndicho ninachokisikia," akasema taratibu. "Kikilia, nakitia mafuta. Vile vingine sijawahi kuvikalia."

"Mi pia sikuangalia. Nilivuta mstari."

"Najua. Nilikuona."

Alikuwa ananiona siku zote! Na hakusema kitu, kama mi sikusema kitu juu ya msumari. Tulikuwa tumekaa wawili tu pale, na kila mtu alikuwa anamjua mwenzake.

"Wakinifunga," akasema, "nimetoka kambini na mikono hii miwili, sina kingine. Nani atanipa chuma kushika tena? Mguu wa mtoto utapona. Mifupa ya watoto hupona."

"Mguu itapona. Lakini mama yake toka jana anamwita mwongo. Anatuomba sisi msamaha, baba mkubwa! Wewe na mi!"

Hakujua hiyo. Niliona usoni. Akajilaza kwenye mkeka ameangalia bati, nguo za kazi bado mwilini, spana kifuani. Wali niliopika ulipoa.

Nilikaa mlangoni mpaka mvua ikapungua. Nilifikiria kwenda polisi peke yangu asubuhi, niwaambie niliyoona na niliyoandika, alafu nirudi Gitega na basi ya kwanza, nisione uso ya mtu. Ingekuwa haraka. Nikaiacha. Yule mtoto amesema kweli peke yake siku mbili, na mtu wa kwanza kusikia lazima awe yeye, mama yake akiwa pale pale. Nitamwambia ni msumari, hukufungua wewe, na mi ndiye niliyeandika bila kuangalia. Kutoka hospitali nitapitia polisi na kaye, kabla hawajaja kuniita. Mzee wa Gitega nitampigia simu mwenyewe. Lakini kabla ya yote nitamwamsha baba mkubwa, nimwambie ninakokwenda, nimsubiri avae viatu kama atataka kuja.